Kioo cha Mbele cha Jicho: Kuikinga Konea Wakati wa Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati ya huduma za jamii, watendaji wa kata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii)



Mtu anapoambiwa kuwa ana mtoto wa jicho, fikra zake zote huelekea kwenye ule weupe unaoonekana katikati ya mboni. Huo ndio anaoulaumu, na huo ndio anaotaka uondolewe. Ni nadra kumkuta mgonjwa, au hata ndugu aliyemsindikiza, akiuliza habari za sehemu ambayo mkono wa daktari hauna budi kuipita ili kuufikia weupe huo. Lakini fundi aliyeitwa kutoa kabati bovu ndani ya nyumba hasifiwi kwa kulitoa kabati, iwapo njiani amevunja dirisha pekee linaloingiza mwanga.

Dirisha hilo katika jicho huitwa konea. Ni utando angavu uliokaa mbele ya rangi ya jicho kama kioo cha saa kinavyokaa mbele ya mishale yake. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita, pungufu ya unene wa kadi ya benki. Nyuma yake kuna nafasi ndogo iliyojaa maji safi, yenye kina cha milimita 3 hivi. Nyuma ya nafasi hiyo ipo mboni, na nyuma ya mboni ndipo ilipo lenzi. Lenzi hiyo ikipoteza uangavu wake ndiyo huitwa mtoto wa jicho. Kwa hiyo kazi kubwa ya upasuaji hufanyika ndani ya chumba cha milimita 3, na dari ya chumba hicho ndiyo konea yenyewe.

Upande wa ndani wa dari hiyo umetandikwa safu moja tu ya seli, nyingi zikiwa na pembe sita na kupangana kama vyumba vya sega la nyuki. Safu hii ndiyo roho ya konea. Kwa asili yake konea hunyonya maji kama sifongo, na ingeachwa hivyo hivyo ingevimba na kufifia. Seli hizo husukuma maji nje mchana na usiku, na kwa sababu hiyo kioo hubaki kikavu kiasi cha kutosha na angavu. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na zaidi ya seli 3,000 katika kila milimita moja ya mraba. Mtu mzima huwa na takriban 2,500, nazo hupungua taratibu kadiri umri unavyosonga. La kuzingatia hapa ni kwamba seli hizi zikifa, mwili wa binadamu hauoteshi nyingine za kutosha kujaza nafasi zao. Zilizobaki hujitanua tu ili kuziba mapengo. Zikishuka hadi kufikia 500 hivi kwa milimita ya mraba, kazi ya kusukuma maji hushindikana. Hapo konea huvimba, hugeuka rangi ya maziwa, na juu yake hutokea malengelenge yanayopasuka kwa maumivu makali. Mgonjwa aliyeingia hospitalini na weupe nyuma ya mboni huondoka na weupe mbele ya mboni.

Tiba ya hali hiyo ni kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki. Upandikizaji wa kwanza wa konea nzima uliofanikiwa kwa binadamu ulifanywa na Daktari Eduard Zirm mwaka 1905 katika mji wa Olomouc, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki, na tangu wakati huo mbinu zake zimeboreshwa sana. Lakini tiba hiyo huhitaji benki ya macho, daktari bingwa wa fani hiyo, na ufuatiliaji wa muda mrefu ili mwili usiikatae konea ya kigeni. Kwa mkulima wa kijijini, hiyo ni safari ambayo wengi hawaianzi.

Hakuna upasuaji wa mtoto wa jicho unaopita bila kuua seli zozote za safu hiyo. Suala ni ngapi, na jicho lilikuwa na akiba gani kabla ya kuanza.

Historia ya upasuaji huu, ikitazamwa vizuri, ni historia ya kujifunza kwa uchungu jinsi ya kuiheshimu konea. Kwa karne nyingi waganga walitumia sindano kuisukuma lenzi iliyopofuka idondokee ndani ya jicho, na katika baadhi ya sehemu za Afrika Magharibi wapo waganga wa kuzunguka wanaofanya hivyo hata sasa. Mwaka 1747 tabibu Mfaransa Jacques Daviel alipasua ukingo wa konea na kuitoa lenzi nje. Mwezi Novemba mwaka 1949 Daktari Harold Ridley, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka kwa mara ya kwanza lenzi ya bandia ya plastiki. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili, vilikaa humo bila kuleta uvimbe.

Uvumbuzi huo ulikuwa neema kubwa, lakini ulikuja na deni. Baadhi ya lenzi za miongo iliyofuata, hasa zile zilizowekwa mbele ya mboni, ziliisugua konea kwa ndani mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani Herbert Kaufman na Jeffrey Katz walionyesha kwamba plastiki ya lenzi ikigusa safu ya ndani ya konea, hata kwa kugusa tu, hunatana na seli na kuzing'oa inapoachia. Kufikia miaka ya 1980, kufifia kwa konea baada ya kuwekewa lenzi kulikuwa miongoni mwa sababu kuu za watu kupandikizwa konea nchini Marekani. Watu hao hawakupofushwa na mtoto wa jicho, bali na njia iliyotumika kumtoa.

Ufumbuzi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer, jijini New York, walikuwa wametenga kutoka katika macho ya ng'ombe kitu chenye ute mzito walichokiita asidi ya hayaluroni. Miongo kadhaa baadaye mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, Endre Balazs, aliweza kuisafisha asidi hiyo kiasi cha kufaa kuingizwa ndani ya jicho la binadamu, na malighafi yake ilikuwa ule unyama mwekundu wa kichwani mwa jogoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ute huo ulikuwa ukiuzwa kwa jina la Healon. Kabla yake, madaktari walijaribu kuishikilia nafasi iliyo nyuma ya konea kwa maji ya chumvi au kwa kiputo cha hewa. Vyote viwili huponyoka mara jicho linapobonyezwa, na dari hushuka juu ya vyombo vya daktari. Ute wa Balazs haukuponyoka. Ulikaa kama mto laini kati ya konea na kila kilichopita chini yake.

Leo zipo jeli za aina nyingi zenye kazi hiyo. Katika hospitali nyingi za Afrika na Asia hutumika zaidi jeli ya methiliselulosi, itengenezwayo kutokana na nyuzi za mimea, ambayo bei yake ni nafuu kuliko ile ya hayaluroni. Hii ndiyo kinga ya kwanza ya konea ndani ya chumba cha upasuaji, na ndiyo inayohusu kamati hii moja kwa moja. Anayekagua orodha ya manunuzi ya vifaa tiba ataikuta kama sindano ndogo ya maji mazito yasiyo na rangi. Haiui vijidudu, haitulizi maumivu, na haibaki ndani ya jicho. Ni rahisi sana kwa kalamu inayotafuta pa kupunguza gharama kutua hapo, au kwa agizo la sindano moja kwa kila mgonjwa kubadilishwa liwe sindano moja kwa wagonjwa wawili. Madhara ya punguzo hilo huenda yasionekane kesho yake, bali baada ya miaka, wakati mgonjwa anaporudi na kioo kilichofifia, na ripoti ya mwaka husika imekwisha kufungwa.

Kinga ya pili ni namna ya upasuaji yenyewe. Mwaka 1967 Daktari Charles Kelman wa New York, aliyepata wazo lake kwenye kiti cha daktari wa meno, alianzisha njia ya kuivunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu dogo. Njia hiyo imeenea duniani na matokeo yake ni mazuri sana, ila ina sharti moja: kadiri lenzi ilivyo ngumu, ndivyo nguvu nyingi zaidi ya mawimbi inavyohitajika, na nguvu hiyo hutolewa milimita chache tu kutoka kwenye konea. Wagonjwa wengi wa vijijini hufika wakiwa na lenzi iliyokwisha kuwa ya kahawia na ngumu kama mbegu. Kwa macho ya namna hiyo, njia nyingine imejipatia sifa. Daktari hufungua njia kama handaki kwenye sehemu nyeupe ya jicho, yenye upana wa milimita 6 au 7 hivi, huitoa lenzi ikiwa nzima, na handaki hujifunga lenyewe bila kushonwa.

Njia hii ya handaki iliboreshwa sana nchini Nepal na India. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Sanduk Ruit, Geoffrey Tabin na wenzao ulizilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 108 nchini Nepal. Baada ya miezi 6, katika makundi yote mawili wagonjwa 98 kati ya kila 100 walikuwa na uoni mzuri wakisaidiwa na miwani inayowafaa. Lakini siku ya kwanza baada ya upasuaji, waliotolewa lenzi kwa handaki walikuwa na uvimbe mdogo zaidi wa konea, na kila upasuaji ulichukua wastani wa dakika 9, ikilinganishwa na dakika 15 na nusu kwa njia ya mawimbi. Hilo halimaanishi kwamba mashine ya mawimbi ni anasa. Linamaanisha kwamba wilaya isiyo na mashine hiyo haipaswi kujiona kuwa inawapa wananchi wake huduma ya daraja la pili, iwapo mikono imefunzwa na jeli ipo.

Mikono, hata hivyo, haina budi kufunzwa. Katika njia ya handaki kuna dakika moja ya hatari kuliko zote: pale kiini cha lenzi kinapopandishwa kutoka mahali pake hadi kwenye nafasi ile ya milimita 3, tayari kwa kutolewa. Hapo ndipo kinapoweza kuisugua konea. Daktari mzoefu huweka jeli juu ya kiini na chini yake, na huhakikisha kwamba handaki lina upana wa kutosha, kwani kiini kinacholazimishwa kupita penye wembamba hukwama na kuikwaruza dari. Lenzi ya bandia ikishakaa mahali pake, jeli hutolewa yote kwa maji. Ikibaki, huziba njia za maji ya jicho na kupandisha shinikizo kwa saa kadhaa, na mgonjwa hulala usiku ule kwa maumivu ambayo hakustahili kuyapata.

Ipo pia konea ya nje, ambayo husahaulika. Jicho lililotiwa ganzi halipepesi. Chini ya taa kali ya hadubini uso wake hukauka haraka, hivyo muuguzi msaidizi hulidondoshea maji maalumu ya chumvi mara kwa mara. Kabla ya hapo jicho husafishwa kwa povidoni-iodini ya asilimia 5, dawa ambayo imeokoa macho mengi yasiingiwe na vijidudu. Lakini iodini ya kunawia mikono, iliyochanganywa na sabuni, huunguza konea, na klorheksidini hali kadhalika. Chupa zinaweza kufanana. Kwa sababu hiyo stoo ya chumba cha upasuaji wa macho hutenganishwa, chupa huandikwa kwa herufi zinazosomeka, na hakuna ruhusa ya kuazima dawa kutoka chumba cha jirani kwa haraka ya asubuhi.

Usafishaji wa vyombo una hadithi inayofanana na hiyo. Mirija midogo ya kupitishia maji na jeli, isipooshwa mara moja baada ya kutumika, hubaki na jeli iliyokauka ndani yake. Sabuni isiyosuuzwa vema nayo hubaki. Mabaki hayo yakiingia katika jicho la mgonjwa anayefuata, yanaweza kuleta mwako mkali ndani ya saa 12 hadi 48 bila kijidudu chochote kuhusika, na safu ya ndani ya konea ndiyo inayoumia kwanza. Kinga yake ni maji safi yaliyotakaswa, kwa wingi, pamoja na mtu aliyepewa muda wa kuosha. Katika kambi za macho, ambapo wagonjwa hupangwa foleni na kila mtu anahesabu idadi, muda huo ndio huwa wa kwanza kuliwa.

Sehemu kubwa ya ulinzi wa konea, hata hivyo, iko nje ya hospitali, na hapa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanabeba mzigo wao. Vijijini bado kuna usemi kwamba mtoto wa jicho asitolewe mpaka akomae. Ushauri huo haukutoka hewani. Zamani, lenzi ilipotolewa nzima na mgonjwa akabaki na miwani mizito, daktari mwenyewe ndiye aliyemwambia asubiri hadi asione kabisa, kwa kuwa faida ya upasuaji ilikuwa ndogo kwa mtu anayeona kidogo. Siku hizi ushauri huo unamdhuru mgonjwa. Kila mwaka wa kungoja huifanya lenzi kuwa ngumu zaidi, huku akiba ya seli za konea ikizidi kupungua kwa umri. Bibi anayefika akiwa bado anatambua nyuso za wajukuu wake humpa daktari kazi nyepesi na huilinda konea yake kwa kufika tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 wana upungufu wa kuona au upofu utokanao na mtoto wa jicho. Si wachache miongoni mwao waliokuwa wakingoja akomae.

Jambo jingine ni dawa za kienyeji zinazotiwa machoni: maji ya majani, unga wa mizizi, hata maziwa ya mama. Baadhi huunguza konea, na nyingine huingiza vijidudu na kuleta kidonda ambacho hupona kwa kuacha kovu. Konea yenye kovu humzuia daktari kuona anachokifanya ndani, na hata upasuaji ukienda vizuri, mwanga huendelea kuzuiwa na kovu lile. Mgonjwa aliyewahi kutumia dawa hizo aulizwe kwa upole na bila kuaibishwa, maana anayeaibishwa huficha, na anayeficha hupangiwa upasuaji bila tahadhari inayomfaa.

Baada ya upasuaji, ukungu kidogo katika siku za mwanzo si jambo la kutisha. Ni konea iliyovimba kidogo, na pampu zake zinalirudisha dirisha katika hali yake. Jicho lililokuwa likipona likaanza kuuma, kuwa jekundu na kuona hafifu kuliko jana, hilo lirudishwe hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili na hata kama tarehe ya kadi haijafika. Jicho lisisuguliwe, na usiku lifunikwe kwa kikinga alichopewa mgonjwa. Matone ya dawa yatumike kwa muda wote ulioandikwa, ambao mara nyingi ni wiki 4 au zaidi. Tena matone hayo ni ya mgonjwa yule peke yake. Mengi yana steroidi, ambayo hutuliza mwako ndani ya jicho lililopasuliwa. Lakini yakitiwa katika jicho la jirani lenye kidonda cha virusi au cha kuvu, yanaweza kukifanya kidonda kile kuteketeza konea kwa kasi. Ukarimu wa kugawana chupa umepofusha watu.

Kuhusu taarifa zinazoletwa mbele ya kamati, kwa kawaida hutaja idadi ya waliopasuliwa, na idadi kubwa hupigiwa makofi. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kupendekeza kipimo kilicho bora zaidi: kwamba baada ya upasuaji, angalau wagonjwa 80 kati ya 100 waweze kuona kiwango cha 6/18 au zaidi kwa miwani waliyo nayo, na wasiozidi 5 kati ya 100 wawe chini ya 6/60. Ubao wa kupimia uoni ni wa bei ndogo, na anayeweza kupima ni muuguzi yeyote aliyefunzwa. Safu mbili za ziada katika fomu ya taarifa, moja ya uoni wa siku ya kwanza na nyingine ya uoni wa wiki ya nne au zaidi, zingeieleza kamati mambo ambayo idadi pekee haiwezi kuyaeleza. Macho yenye ukungu yakianza kuongezeka siku ya kwanza, mganga mkuu atajua kwamba ni wakati wa kukagua jeli, maji ya kuoshea na chupa za stoo, kabla ya kundi linalofuata kupanda gari.

Pia wapo wale waliopasuliwa jicho moja ambao hawajarudi kwa la pili. Daktari huwapangia baada ya kuona jinsi konea ya jicho la kwanza ilivyopokea upasuaji, kwa sababu macho mawili ya mtu mmoja mara nyingi hufanana kwa akiba na kwa udhaifu wake. Majina yao yamo katika daftari la kliniki ya macho, pamoja na vijiji vyao. Watendaji wanaweza kuyachukua hapo na kuwapelekea wahusika taarifa ya tarehe zao.